Kompyuta Haimjui Abishaye Hodi

Anayebisha hodi huulizwa "Nani?", na wengi hujibu "Mimi". Mara nyingi jibu hilo hutosha, kwa kuwa sauti imeshamtambulisha mwenyewe. Hata hivyo, hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim inasimulia kwamba Jabir bin Abdullah alipobisha mlangoni kwa Mtume na kujibu hivyo, jibu lake halikupendeza, kwa sababu kila mtu ni "mimi". Kompyuta inayogoma kumfungulia mwenyewe hulirudisha swali hilo la "Nani?". Faili ni zake, kazi ni yake, naye ameketi mbele ya kioo, lakini anaambiwa neno la siri si sahihi. Je, amekataliwa yeye? Nashikilia kwamba hakukataliwa, kwa kuwa hakuwahi kujulikana. Kumtambua mtu ni jambo moja, kuhakiki alama yake ni jambo jingine, na tukiyachanganya tutadhulumu watu kwa jina la usalama.

Ushahidi umo katika kazi ya fundi anayetafuta hitilafu. Kwanza huangalia kama kitufe cha herufi kubwa kimewashwa, maana kwa mashine "bahari" na "BAHARI" ni maneno mawili. Halafu huangalia mpangilio wa kibodi: ukigeuka kuwa wa Kifaransa, A na Q hubadilishana nafasi, na kidole kilekile kikibonyeza palepale huandika herufi nyingine. Kisha hutazama saa, kwa kuwa katika mitandao ya ofisi inayotumia Kerberos, mfumo uliobuniwa katika chuo cha MIT, kompyuta iliyopishana na seva kwa zaidi ya dakika 5 kwa kawaida hukataliwa hata neno la siri likiwa sahihi. Katika yote hayo hakuna linalomhusu mtu mwenyewe. Wala mfumo uliotengenezwa vizuri hauhifadhi neno lenyewe. Robert Morris na Ken Thompson walieleza mwaka 1979 jinsi mfumo wa Unix ulivyolipitisha neno katika hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, ukatunza jawabu tu. Neno likiandikwa tena, hesabu hurudiwa na majawabu hulinganishwa. Yakilingana, mwizi huingia. Yakitofautiana, mwenye mali hubaki nje.

Huenda mtu akaona hilo ni jambo la mafundi tu. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinaonyesha uzito wake. Kwenye vivuko vya Yordani, Wagileadi walimtaka kila aliyetaka kuvuka huku akikana kuwa Mwefraimu atamke "Shibolethi". Aliyetamka "Sibolethi" aliuawa, na Waefraimu 42,000 wakaangamia. Walinzi wale hawakumuuliza mtu habari za nia yake wala matendo yake. Matamshi ya herufi moja yalichukua nafasi ya mtu mzima. Kompyuta haina chuki ya walinzi wale, lakini njia yake ya kupima ni ileile, na anayeiachia neno la mwisho juu ya mshahara, matibabu au uraia wa mtu amerudi kwenye kivuko kile.

Watakaopinga watasema alama za vidole zimemaliza tatizo, kwa kuwa kidole ni sehemu ya mtu. Lakini kidole nacho husomwa kama alama, na mikono iliyochakazwa na jembe au saruji huweza kukataliwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba binadamu hudanganyika na hupendelea, ilhali mashine huwapima wote kwa kipimo kimoja. Hilo ni kweli, na ndiyo maana sidai mlango uondolewe kitasa. Ninachodai ni kwamba nyuma ya kitasa awepo mtu anayeweza kusikiliza. Hata fundi, hatua zote zikishindikana, humpeleka aliyefungiwa nje kwa msimamizi wa mfumo, na huyo, kama anatenda haki, huulizia kwa wanaomfahamu mhusika kabla ya kumpa neno jipya. Usalama wote wa hesabu huishia kwenye ushahidi wa mtu juu ya mtu.

Adabu ya hodi ilikwisha kulijua hilo. Mgeni hubisha mara tatu, asipojibiwa huondoka, kama vile mifumo mingi inavyojifunga baada ya majaribio machache. Sahaba Abu Musa al-Ash'ari alifanya hivyo mlangoni kwa Khalifa Umar, akaenda zake. Lakini Umar, aliyekuwa ameshughulika, alikuwa ameisikia sauti yake, akaagiza arudishwe. Na alipotaka uthibitisho wa kanuni hiyo, aliletewa shahidi. Mashine inajua kuhesabu hadi tatu. Kuisikia sauti na kumwita aliyeondoka ni wajibu wetu, na hakuna programu tunayoweza kuikabidhi wajibu huo.