Injini Ikichemka

Wiki hii tuwatazame vijana wetu wa bodaboda, wanaopakia samaki hapa Sudi alfajiri na kuwafikisha Lindi kabla jua halijawa kali.

Baadhi yao wamefunga kioo mbele ya usukani. Wana haki, maana upepo wa alfajiri unaingia kifuani, na dereva anayekohoa usiku kucha atafanyaje kazi? Ila injini za pikipiki hizi hazina rejeta. Zinapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi yake, na oili ya lita moja hivi. Kioo cha juu hakiidhuru injini. Kinachoidhuru ni kiroba kilichofungwa mbele yake, tope lililogandia kwenye mapezi, oili iliyopitwa na muda. Tena wakati wa kusi, anayekwenda Lindi husukumwa mgongoni na upepo. Kifua kimetulia, safari anaiona tamu, kumbe ndipo injini inapokosa hewa, hasa kwenye mchanga, gia namba moja, tenga limejaa.

Ikichemka, wapo wanaoimwagia maji. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi ghafla huweza kupasuka. Fundi mzuri huizima, akaiacha kivulini ipoe yenyewe. Kisha hupima oili, hutazama kama mnyororo umekazwa kupita kiasi, huzungusha gurudumu asikie kama breki inashika, huchomoa plagi. Ikiwa nyeupe, anajua petroli inafika kidogo. Haigombezi pikipiki. Anauliza imebebeshwa nini, na nini kimeizibia upepo.

Kijana akichemka sisi hatuulizi hivyo. Akirudi jioni mkali, kasema ovyo na mkewe, tunamwita mjeuri, tunammwagia maneno palepale. Tangu alfajiri yuko barabarani, na hesabu, yaani pesa anayompelekea bosi mwenye pikipiki, haijui mvua wala msiba.

Ghuba yetu inaijua mizigo ya namna hii. Machi 1916 meli ya Kijerumani, Marie, iliingia Sudi ikizikwepa manowari za Waingereza. Silaha na risasi zake zilipelekwa bara kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Jina la meli limo vitabuni. Wapagazi wale, babu za watu wa huku, hutajwa kwa idadi tu. Sitaki vijana wetu nao wahesabiwe kwa tripu.

Eliya naye alichemka. Alikaa chini ya mretemu jangwani akaomba afe. Someni 1 Wafalme 19 muone Mungu alivyomshika: hakumkemea. Malaika alimgusa, akampa mkate wa moto na maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala, ndipo akaweza kwenda siku 40 mpaka Horebu. Maswali ya Mungu yalimsubiri huko Horebu, baada ya usingizi na chakula.

Kwa hiyo nawageukia wenye pikipiki, wa kanisani kwetu na majirani zetu wa msikitini, maana madereva hawa ni watoto wetu sote. Mpeni dereva siku moja ya wiki isiyo na hesabu. Siku hiyo oili ibadilishwe, mapezi yasuguliwe tope, na yeye mwenyewe aachwe alale mpaka jua limepanda.