Dawa ya Asiyeugua: Matende na Fardhi ya Jirani

Matende ni ugonjwa wa mishipa ya limfu, mishipa ambayo watu wengi huishi nayo maisha yao yote bila kuisikia ikitajwa. Damu inapopita katika mishipa midogo kabisa, sehemu ya maji yake huvuja na kuingia kati ya seli. Mengi hurudi damuni papo hapo, lakini takriban lita 3 kwa siku hubaki nyuma. Hizo huchukuliwa na mishipa ya limfu, zikapitishwa kwenye tezi, kisha zikamiminwa tena katika damu karibu na shingo. Mfumo huu hauna moyo wa kuusukuma. Maji hayo, yaitwayo limfu, husogea kwa kuta za mishipa yenyewe kubana na kuachia, na kwa misuli kujikaza mtu anapotembea au kupiga kasia, huku vali ndogo zikiizuia isirudi nyuma.

Tezi ndizo vituo vya ulinzi. Humo chembe nyeupe hukagua kila kilicholetwa na limfu, na zikikuta kijidudu huzaliana kwa wingi ili zikikabili. Katika kisiwa cha Wasini, pwani ya Kenya mkabala na Shimoni, ardhi ni mwamba wa matumbawe wenye ncha kali. Aliyejikata mguu juu ya mwamba huo, na baada ya siku chache akaota mtoki kinenani, amekwisha kuihisi kinga ya mwili ikifanya kazi.

Minyoo ya matende huishi ndani ya mishipa na tezi hizo hizo. Huletwa na mbu, hukomaa, na huweza kuishi miaka 6 hadi 8 ikizaa mamilioni ya vijinyoo vinavyoingia katika damu. Usiku, hasa kati ya saa 4 na saa 8, vijinyoo hivyo hujaa katika damu ya karibu na ngozi, saa zile zile ambazo mbu huuma watu waliolala. Jambo la ajabu zaidi ni ukimya wa mwili. Minyoo hutoa kemikali zinazoilegeza kinga, nayo kinga huiacha ikae. Kwa hiyo wengi wenye minyoo hawana homa, uvimbe wala maumivu. Huenda baharini, huoa, huzeeka, na huku damu yao inawalisha mbu wa mtaa mzima. Baadhi yao, baada ya miaka, mishipa ya limfu hutanuka na vali hushindwa: mguu huvimba ukawa tende, au mwanamume akapata busha.

Kutokana na ukimya huo huzuka swali la dini na la falsafa kwa pamoja. Kenya ilianza kugawa dawa kwa watu wote katika maeneo yenye matende mwaka 2002, Kilifi, na mwaka uliofuata ikafika Kwale, ambayo Wasini ni sehemu yake. Vidonge vilikuwa vya aina mbili, diethilikabamazini na albendazoli, na havikutengewa wagonjwa peke yao. Je, mtu asiyejiona mgonjwa ana wajibu gani wa kumeza dawa?

Jibu la kwanza linalosikika ni la kadari: maradhi huandikwa na Mungu, na aliyeandikiwa hayakwepi. Wasini ni nchi ya Wavumba, ambao Uislamu wao una mizizi hadi enzi za mji wa Vumba Kuu, na hoja hiyo haifai kujibiwa kwa dharau. Inajibiwa ndani ya dini yenyewe. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa safarini kuelekea Sham, na alipofika Sargh akapata habari za tauni ya Amwas, ya miaka ya 638 na 639. Akaamua kurudi. Abu Ubayda bin al-Jarrah alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anaitoka kadari moja ya Mungu na kuiendea nyingine. Kisha Abdulrahman bin Auf akawakumbusha agizo la Mtume: tauni ikiwa mahali, aliye nje asiingie na aliye ndani asitoke. Sehemu ya pili ndiyo nzito. Anayezuiwa kutoka huenda ni mzima kabisa, na huenda pia ameubeba ugonjwa bila kujua. Kwa macho ya leo, hapo ndipo aliposimama kila mkazi wa pwani yenye matende.

Jibu la pili ni la kifikihi, nalo lina nguvu zaidi. Zipo fardhi ambazo baadhi wakizitimiza, wengine huondokewa na dhima, kama sala ya maiti. Shirika la Afya Duniani hutaka angalau asilimia 65 ya wakazi wote wa eneo wameze dawa kila mwaka, kwa muda usiopungua miaka 5, kwa kuwa vidonge huua vijinyoo zaidi kuliko minyoo mikubwa, na hiyo hungojewa ife kwa uzee. Basi mtu aweza kusema: wengine wakitosha, mimi nimesamehewa. Hoja hiyo ina kasoro. Sala ya maiti huonekana ikisaliwa, lakini minyoo haionekani iko kwa nani. Anayejitoa huenda ndiye hasa anayewalisha mbu. Tena wapo wasiopewa dawa hii kwa sababu za kitabibu: watoto chini ya miaka 2, wajawazito na wagonjwa mahututi. Nafasi iliyobaki nje ya ile asilimia 65 ni haki ya hawa. Mzima anayeichukua kwa uvivu au kwa hofu ameketi mahali pa mjamzito.

Hofu yenyewe ina chanzo. Baada ya kumeza, baadhi hupata homa na kichwa kuuma, wakasema dawa imewadhuru. Mara nyingi hali hiyo hutokea kwa sababu vijinyoo vinakufa kwa wingi na kinga, iliyokuwa kimya, inaamka. Aghalabu anayeumwa zaidi ni yule aliyekuwa na minyoo mingi zaidi.

Kwa ambaye mguu umekwisha kuvimba, vidonge haviurudishi ulivyokuwa. Busha hupasuliwa. Tende hutunzwa: kuoshwa kila siku kwa sabuni na maji safi, kukaushwa vizuri kati ya vidole, na kuinuliwa wakati wa kupumzika, ili bakteria wasipenye kwenye nyufa za ngozi na kuzidisha uvimbe. Wasini haina chemchemi, na tangu zamani watu wake wamekinga maji ya mvua katika jabia, yaani birika kubwa. Jabia lifunikwe vizuri mbu wasizaliane humo, na mwenye tende atengewe ndoo yake kila siku, hata wakati wa kiangazi.