Kuogelea Lampedusa

Mtalii anayefika Lampedusa, kisiwa cha Italia kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicily, hakosi la kufanya. Atakodi mashua, atakula samaki, ataogelea Spiaggia dei Conigli, ufukwe ambao kasa hutaga mayai. Lakini si mbali na ufukwe huo, tarehe 3 Oktoba 2013, boti iliyotoka Libya ilizama na watu 368 wakafa, wengi wao Waeritrea. Je, ni halali kustarehe katika maji hayo?

Wapo wasemao hapana: kaburini hapachezwi. Naiheshimu hoja hiyo, ila hainitoshi. Anayekataa kuogelea hamrudishii mtu uhai. Pengine anajituliza moyo tu.

Miongoni mwa wa kwanza kufika siku ile walikuwa Vito Fiorino na marafiki zake, waliolala baharini kujiburudisha. Alfajiri walisikia sauti, wakadhani ni shakwe. Hata hivyo wakasogea kuangalia. Mashua yao ndogo ilirudi na watu 47 waliookolewa.

Starehe ndiyo iliyowaweka mahali pa kusikia. Kwa hiyo sioni dhambi katika kuogelea. Dhambi ingekuwa kuridhika kwamba ni shakwe na kurudi kulala. Maji hayambagui mwenye viza na asiye nayo. Ubaguzi huo hufanywa nchi kavu, na sisi tunaoruhusiwa kupita tunadaiwa angalau hili: tusikiapo sauti, twende tukaangalie.