Kivuli cha Kaya

Katika kaunti ya Kilifi, kwenye miamba ya chokaa ya Cha Simba, huota ua dogo la zambarau ambalo wataalamu wa mimea waliliita Saintpaulia rupicola. Ndugu zake wako Taita na Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyesimamia wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za mojawapo ya ndugu hao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hanover akaupa mmea jina la familia hiyo. Sasa kizazi cha mbegu zile kimejaa madirishani Ulaya na Marekani. Huyu wa Kilifi amebaki mahali pachache mno, na yumo hatarini kutoweka.

Litazame kwa karibu. Majani yana vinyweleo laini na yamelalia jiwe, ambako mizizi haipati ila udongo haba uliokusanyika ufani. Katikati ya petali pana vifuko vya manjano vya chavua, na kando yao kijiti cha kike kilichoinama: katika ua moja kushoto, katika jingine kulia. Chavua haimwagiki ovyo. Husubiri nyuki alikumbatie ua na kuvuma, ndipo mtikisiko uitoe. Jani moja likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi na mche mpya. Lakini ua hili halistahimili jua kali. Mti wa juu ukiangushwa, jiwe hukauka na majani huungua.

Hapo ndipo nawavulia kofia wazee wa Mijikenda. Katika vilima vya pwani hii wazee wao waliishi ndani ya makaya, vijiji vilivyozungukwa na msitu, na humo wakazika fingo, hirizi ya kuwalinda. Watu walipohama, miiko ilibaki: usikate mti, usichunge mifugo humo, usiingie bila idhini ya wazee, usije ukawaudhi koma, mizimu ya wahenga. Sisemi kila ufa wenye ua hili umo ndani ya kaya. Nasema msitu mwingi uliosalia katika nchi ile umesalia kwa sababu mtu aliogopa kuinua shoka, na chini ya miti hiyo vimepona viumbe ambavyo hakuna mzee aliyewahi kuvitungia mwiko. Aliyelinda fingo alilinda na kivuli.

Wapo waliouita woga huo ushirikina. Mimi nauita adabu, na matunda yake yanaonekana kwa macho: mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza baadhi ya makaya katika orodha ya urithi wa dunia, karne nyingi baada ya wazee kuyaweka chini ya ulinzi.

Linaloniuma ni hili. Kilifi hiyohiyo wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo ipo tamaa ya shamba. Mvi zimekuwa hatia. Nayo miamba ya chokaa inatamaniwa kwa saruji. Kijana anayemwinulia babu yake panga anamuua mtu anayejua mpaka wa msitu unapita wapi na nani aombwe ruhusa kabla ya kuingia. Mche wa ua unaweza kuoteshwa tena kwa jani moja ndani ya chungu, hata Hanover. Mzee wa kaya hana jani la kuchomeka.