Mwalimu Aliyeacha Bao

Kisa hiki cha mfano kinamhusu mwalimu mstaafu wa Uyole, Mbeya, aliyefundisha hesabu katika shule ya msingi hadi alipotimiza miaka 60. Kila alasiri alikwenda kijiwe cha kahawa kucheza bao. Mashimo 32, kete 64, naye aliweza kuzihesabu kwa macho tu, akajua zitaishia wapi kabla hajagusa hata moja. Wenzake walimwogopa.

Alipokaribia miaka 70, alianza kusahau. Jambo aliloambiwa asubuhi, jioni lilikuwa geni kwake. Kijiweni utani ulipopigwa, yeye alicheka wa mwisho, akiwatazama wenzake usoni. Akaona haya. Binti yake, aliyeishi Kihesa, Iringa, aliposikia, aliingiwa na hofu. Akamnunulia simu janja na kumlipia programu ya michezo ya ubongo. "Baba, tangazo linasema ukicheza kila siku hutasahau tena."

Mwalimu alilishika neno hilo. Baridi ya Juni ilipoingia, akawa anashinda ndani, blanketi mabegani, akifunua kadi zinazofanana kwenye kioo cha simu. Alama zikapanda. Jioni alimpigia binti: "Mwanangu, leo nimevuka hatua ya 50!" Binti alimshukuru Mungu. Kijiweni waliulizia habari zake kwa muda, kisha wakazoea kutomwona.

Desemba binti alipanda basi, Mafinga, Makambako, Chimala, hadi Uyole. "Shikamoo, Baba." Kimya. Redio ilikuwa inanguruma hadi kwa jirani. Aliposogea na kurudia kwa sauti ndipo mzee alipogeuka. Juu ya kabati palikuwa na pakiti za vidonge vya presha, nyingi hazijafunguliwa. Bili ya maji ilikuwa imelipwa mara mbili. Na simu ilionyesha hatua ya 140.

Hospitalini, kwenye dirisha la wazee, mzee alipimwa presha: ilikuwa juu mno. Daktari akachungulia masikio, akakuta nta iliyoganda, na nyuma yake usikivu uliokwisha kupungua. "Mengi mnayosema ameyasahau," akasema, "hakuyasikia tangu mwanzo." Masikio yalisafishwa, dawa zikaanza upya, na kumbukumbu zikapimwa. Mzee alipata nafuu, lakini si yote yaliyorudi. Presha isiyotibiwa huharibu mishipa midogo ya ubongo, na miezi ile haikuweza kurudishwa.

Kosa halikuwa simu. Kosa lilikuwa kuamini kwamba alama za mchezo ni kipimo cha akili. Januari 2016 kampuni ya Lumos Labs ya Marekani, yenye michezo ya Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya biashara ya nchi hiyo kuishtaki kwa kutangaza, bila ushahidi wa kutosha, kwamba michezo yake inazuia upotevu wa kumbukumbu uzeeni. Utafiti mkubwa wa ACTIVE, uliowafuatilia wazee 2,832 huko huko Marekani, ulionyesha kuwa mazoezi ya akili yana faida, na baadhi yake hudumu miaka 10. Hata hivyo, aliyezoezwa kumbukumbu aliimarika katika kumbukumbu, aliyezoezwa kasi akaimarika katika kasi. Kufunua kadi haraka hakumkumbushi mtu vidonge vyake.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya maradhi ya usahaulifu duniani. Miongoni mwake ni kupungua kwa usikivu na uoni, presha, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, kutofanya mazoezi ya mwili, na upweke. Mwalimu alikuwa na matatu au manne, na mchezo ule ulimwongezea upweke.

Hapa kwetu, wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee 34 wenye maradhi hayo walikutanishwa kwa makundi, vikao 14 katika wiki saba, wakizungumza na kufanya shughuli walizozizoea. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini fahamu zao na hali yao ya maisha viliimarika. Walichochewa akili wakiwa pamoja na watu.

Bao nalo si dawa. Lakini anayelicheza hutembea hadi kijiweni, husikiliza, hubishana, na akikosekana huulizwa yuko wapi. Kwa hiyo, mzazi wako akianza kusahau, mpeleke kwanza akapimwe masikio, macho, presha na sukari. Hesabu vidonge vyake. Mrudishe kwa wenzake, hata kama ni kwa kumsindikiza. Akitaka mchezo wa simu baada ya hayo, acheze kwa raha zake. Fedha ya kwanza iende kwenye vipimo, na alasiri zake ziwe za watu.