Siri ya nyumba ni ya nani?

Hapa kwetu Bukavu, mtu akifa, kartie yote inasimama. Wamama wanaleta makala na unga, wanaume wanapanga viti, watu wanalala kwenye matanga siku kadhaa. Lakini mtoto wa miaka 16 akianza kukosa usingizi, kulia bila sababu na kukataa chakula, mlango unafungwa. Tunaambiwa: hiyo ni siri ya nyumba. Ndugu msomaji, siri hiyo inamlinda nani?

Wazee wetu hawakuwa wajinga waliposema mambo ya nyumba yasitoke nje. Msichana akisemwa kwamba "kichwa yake haiko sawa" hapati mchumba, hata wadogo zake wanateswa na jina hilo. Woga huu ni wa kweli, tusiucheke. Ila desturi ile ilikuwa na upande mwingine. Jambo ambalo mtoto hakuweza kumwambia baba yake, alimwambia shangazi ao nyanya. Siri haikutoka nje ya jamaa, lakini haikubaki kwa mtoto peke yake. Vita vya 1996 na vya 1998 vilitawanya jamaa nyingi. Leo shangazi yuko mbali, nyanya amekufa, watoto wanalala sita katika chumba kimoja na hakuna wa kuwasikiliza.

Tunasema haya juu ya jambo lililotupata sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita, msichana wa mwaka wa tano wa sekondari, hodari wa hesabu, aliacha kuandika. Tulidhani ni uvivu, labda mambo ya wavulana (sisi walimu tunapenda sana maelezo hayo), tukamrudisha nyumbani alete mzazi. Baba alikuja, akaongea polepole: "Mwalimu, hii mambo ibaki hapa. Andika malaria." Tukaandika malaria katika daftari ya wasiofika.

Nyumbani walimpeleka kwanza kwenye chumba cha maombi, akafungishwa chakula siku tatu. Hatusemi kuomba ni vibaya, sisi pia tunaomba. Lakini mtu mmoja pale alianza kutaja uchawi, na hapo ugonjwa unageuka kosa la mgonjwa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaazibu kumshitaki mtoto uchawi. Nani kati yetu ameisoma mbele ya wazazi?

Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7, wa miaka 10 hadi 19, ana tatizo la afya ya akili. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi 56. Fanyeni hesabu.

Mji wetu uko na SOSAME, kituo cha Frères de la Charité kinachotunza wagonjwa wa akili. Lakini wanafunzi wetu wanatukanana kwa jina lake, basi mzazi anaogopa kuonekana akiingia pale kuliko anavyoogopa ugonjwa. Na franga za dawa ataziomba kwa nani, ikiwa hawezi kusema ni za nini? Kwenye matanga watu wangechanga.

Aliyemwokoa yule msichana ni shangazi yake. Alitoka Walungu na mfuko wa mihogo, akakaa naye jikoni siku mbili wakimenya, bila kumuuliza kitu. Siku ya tatu mtoto akasema hataki tena kuishi. Shangazi hakupiga kelele. Alimwambia kaka yake: "Huyu ni mtoto wangu pia." Akamshika mkono, wakaenda kwa daktari.

Alirudi masomoni miezi minne baadaye. Wenzake wakamsalimia: "Pole na malaria." Akatutazama. Tulikuwa tumemwahidi baba kunyamaza, lakini yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza kama alitaka uongo ule. Baada ya darasa tukamwita, tukamuuliza. Akafikiri sana, kisha akasema: "Mwalimu, wawili tu wajue." Akataja majina. Hao wawili ndio waliokaa naye benchi moja mpaka mwisho wa mwaka. Daftari yetu bado inasema malaria.