Shahidi Asiyeona

Niliwahi kumhukumu mtu kwa kitabu nisichokisoma. Wakati huo nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Usiku mmoja nilimkuta mwanachuo amefunika kitabu cha katuni kwa daftari la somo la malezi. Nilimnyang'anya, na asubuhi yake, mbele ya chuo kizima, nikakiita kitabu kile takataka inayoharibu akili za vijana. Kisha nikakichana. Kijana yule alitazama chini hata nilipomaliza. Sikuwa nimefungua ukurasa hata mmoja.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya mjukuu wangu. Yeye huwaandikia wenzake maoni juu ya filamu, katuni na michezo ya kompyuta iliyotoka karibuni. Juzi nilimwuliza mbona anachelewa kuandika juu ya mchezo mmoja. Akanijibu, "Babu, sijaumaliza. Nitawaambia nini watu?" Nikanyamaza.

Wapo watakaouliza: je, ni lazima kuonja sumu ndipo ujue kuwa inaua? La. Mtu ana haki ya kukataa asichokitaka, na mzazi ana haki ya kumzuia mtoto wake. Lakini kukataa ni jambo moja, na kutoa ushahidi ni jambo jingine. Anayesimama mbele ya watu na kusema, "Kitu hiki kiko hivi," amekwisha kuwa shahidi. Na shahidi huulizwa alichokiona.

Tena kuona peke yake hakutoshi. Mwaka 1954 huko Marekani, daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kiitwacho Seduction of the Innocent, akidai kuwa vitabu vya katuni huwapotosha watoto. Mwaka uleule wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za kuchuja kazi zao. Wertham hakuwa mtu mbaya. Mwaka 1946 alisaidia kuanzisha kliniki Harlem, iliyowatibu watu weusi waliobaguliwa kwingineko, kwa malipo madogo. Wala hakukosa kuzisoma katuni. Lakini mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, baada ya kupekua karatasi zake, alionyesha kuwa alikuwa amebadili na kuunganisha maneno ya watoto ili yakubaliane na hoja yake. Nia njema haikumzuia kupinda ukweli.

Mshabiki naye hayuko salama. Anayeisifu filamu kabla ya kuitazama, kwa kuwa tu anampenda shujaa wake, ni ndugu yangu mimi niliyechana kitabu. Mmoja huongozwa na chuki, mwingine na mapenzi. Wote wawili hawajaona.

Basi uhakiki, hata wa mambo tuyaitayo ya kitoto, ni kazi ya uaminifu. Mwenzako atatoa fedha zake na saa zake kwa neno lako. Kwa neno langu mimi, kijana mmoja aliaibika mbele ya wenzake. Huenda kitabu kile kilikuwa kibaya kweli. Sijui hata leo, na aliyenifanya nisijue ni mimi mwenyewe.